Darasa la Tatu kando ya ziwa: siku ya kwanza usikimbilie mada

Mwalimu mwenzetu kauliza: kapangiwa shule ya msingi pembezoni mwa Ziwa Victoria huko Sengerema, mkoani Mwanza, Jumatatu anaingia Darasa la Tatu lenye watoto zaidi ya themanini, aanze na nini? Nimefundisha Sengerema na baadaye Ukerewe, kote huko shule ikiwa jirani na mwalo, yaani pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga na kushusha samaki, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Usianze na mada. Mwalimu wa taaluma atataka kuona andalio la somo, sawa, mwonyeshe, lakini siku hiyo kazi yako kubwa ni kujua nani anasoma na nani hasomi. Darasa la Kwanza na la Pili mkazo ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Ukifika la Tatu masomo yanaongezeka, na mwaka unaofuata kuna upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne. Mtoto asiyejua kuunganisha silabi ukimpita leo, atakaa kimya kule nyuma hadi amalize shule ya msingi. Hili linaniuma kuliko jambo lolote katika kazi hii.

Wape darasa zima kazi ya kuchora. Kisha ita watoto watanowatano, kila mmoja akusomee sentensi tatu fupi ulizoziandika mwenyewe kwa mkono. Usitumie kitabu cha Darasa la Pili, maana wengi wamekikariri na watakusomea hata ukikifunika. Anayekwama usimsahihishe mbele ya wenzake, andika tu jina lake. Na majina yataka utulivu: Kulwa wanaweza kuwa watatu na Doto wawili, kwa hiyo chukua na jina la baba. Tega sikio pia wanaponong'onezana. Kuna mtoto ambaye mwenzake akimwelekeza kwa Kisukuma au Kizinza anajibu papo hapo. Huyo anajua, Kiswahili ndicho kinachomchelewesha, usimweke kundi moja na asiyejua herufi.

Fimbo iache ofisini. Viboko kikanuni ni mamlaka ya mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, na mtoto mwenye hofu hatakusomea chochote.

Halafu kuna wasiokuja. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika. Mahudhurio nayo hufuata mwezi. Mtoto unayemkosa siku za giza mara nyingi yuko mwaloni anasaidia kuanika, au kabaki nyumbani na mdogo wake mama akiwa huko. Kabla hujamwita mtoro, fungua daftari la mahudhurio la mwaka jana, na umtafute mwalimu aliyekuwa na darasa hilo. Ukimwendea kwa heshima, atakueleza nani analelewa na bibi, nani anatembea mbali, nani haoni ubaoni.

Jioni, orodha ikiwa mkononi, ndipo uandike andalio la Jumanne. Wasiosoma wapange madawati ya mbele, kila mmoja na jirani anayesoma vizuri, na umwombe mwalimu mkuu nusu saa ya kukaa nao baada ya vipindi. Muombe siku hiyohiyo, kwa sababu ratiba ikishabandikwa ukutani ni vigumu mtu kukubali iguswe.