Mwalimu wa darsa kaniambia uso wangu hauna nuru

SWALI: Assalaam alaykum, shehe wangu, na shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, kazi yangu kukaanga samaki. Tangu Ramadhani iliyopita Mwenyezi Mungu kanijaalia kuamka saa tisa usiku, nasali rakaa zangu kabla sijaenda Feri kuchukua samaki. Wiki kadhaa nyuma mwalimu wetu wa darsa alisoma hadithi kwamba anayesali sana usiku, uso wake hupendeza mchana. Kisha akanigeukia mbele ya wenzangu: "Wewe unasema unaamka, mbona uso umefifia hivyo? Jikague, kuna dhambi inakuzuia." Mwenzetu mmoja akaniuzia mafuta ya nuru yaliyosomewa, shilingi elfu thelathini. Nimeyapaka wiki tatu, uso umeanza kuwa mweupe na unaniwasha nikikaa jikoni. Nimempaka na binti yangu wa miaka tisa. Jirani yangu Mkristo naye ananiambia hata Nabii Musa uso uling'aa alipotoka kuzungumza na Mungu. Je, ibada yangu imekataliwa? Niendelee na mafuta?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba, binti yangu.

Mafuta hayo yaache leo hii, wewe na mtoto. Usisubiri kumaliza kusoma. Sababu nitaieleza mbele.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kilichoniuma zaidi si mafuta. Ni kwamba mtu aliyeamka peke yake gizani, hakuna anayemwona ila Mola wake, amepelekwa mbele ya watu akapimwa kwa uso. Nimeshawasikia wengine wakisema maneno ya namna hii hapa mjini, tena juu ya mimbari, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Nianze na hadithi yenyewe. Maneno "zikikithiri sala za mtu usiku, uso wake hupendeza mchana" yamo katika Sunan ya Ibn Majah, kwa hiyo mwalimu wako hakuyatunga. Lakini wanafunzi wa elimu ya hadithi huyasoma kama mfano wa kosa. Sharik bin Abdillah, aliyekuwa kadhi wa Kufa, alikuwa akiwaandikisha wanafunzi. Akataja mlolongo wa wapokezi hadi kwa Jabir, Swahaba wa Mtume, akafika "amesema Mtume wa Mwenyezi Mungu", akanyamaza ili waandishi wamfikie. Wakati huohuo akaingia Thabit bin Musa, mtu mcha Mungu, mwenye kusimama usiku. Sharik alipomwona akasema kwa kumsifu: mwenye kusali sana usiku uso wake hupendeza mchana. Thabit akadhani hiyo ndiyo hadithi iliyokuwa ikisubiriwa, akaondoka nayo, akawa anaisimulia. Sifa ya kadhi kwa rafiki yake ikageuka neno la Mtume (S.A.W.). Mwanachuoni Ibn al-Jawzi akaiweka katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Wapo wachache waliojaribu kuitetea, na mabingwa wa fani hii hawakuwakubali.

Sasa hebu fikiri. Neno alilosema mtu wa Kufa kumfurahisha aliyeingia mlangoni, wewe wa Mbagala unalala ukilia kwa ajili yake.

Watasema: iache hadithi, je Qur'ani? Sura ya 48, aya ya 29, inasema alama zao zi nyusoni mwao kutokana na athari ya kusujudu. Aya ni haki. Swali ni alama gani. Ibn Abbas, binamu wa Mtume, alisema ni mwenendo mwema. Mujahid, mwanafunzi wake, alisema ni unyenyekevu. Mansur, aliyesoma kwa Mujahid, akamwambia: mimi nilidhani ni ile alama ya usoni. Akamjibu kwamba hiyo huenda ikawa katikati ya macho ya mtu mwenye moyo mgumu kuliko wa Firauni. Ndiyo sijida hiyo tunayoijua, doa jeusi kwenye paji, ambalo wapo vijana wanaolisugulia kwenye mkeka ili lije upesi.

Ibn Abbas alikuwa na sababu ya kutodanganyika na mapaji. Alipokwenda kujadiliana na Makhawariji, kundi lililomwasi Sayyidna Ali, alikuta watu ambao mapaji yao yamechubuka kwa sijda ndefu, na viganja vimekuwa sugu kama magoti ya ngamia. Ukiwatazama ungesema hawa ndio waliokutana na Mola wao. Watu hao walimchinja Abdullah bin Khabbab, mwana wa Swahaba, na mwanamke wake aliyekuwa mjamzito. Na aliyempiga upanga Sayyidna Ali (R.A.), katika Ramadhani ya mwaka 40 Hijria, alikuwa mmoja wao.

Kuna jambo jingine najua linasemwa huko kwenye madarsa, ingawa hukuliandika. Wanaitaja aya ya sura ya 3, nyuso zitakazokuwa nyeupe na nyuso zitakazokuwa nyeusi Siku ya Kiyama, kisha jicho linamwangukia mwenye ngozi nyeusi. Huu ni ujinga, na ni dhambi. Aya inazungumzia furaha ya walioamini na fedheha ya waliokufuru siku ile. Haizungumzii rangi ya Mmakonde wala ya Mwarabu. Bilal (R.A.) alikuwa mweusi, na Mtume alimwambia amesikia mchakacho wa viatu vyake Peponi mbele yake. Abu Lahab, ami wa Mtume aliyempinga, ambaye jina lake hasa ni Abdul-Uzza, wafasiri wanasema aliitwa Abu Lahab, baba wa mwali wa moto, kwa jinsi uso wake ulivyokuwa ukimeremeta. Uso uliojulikana Makka kwa kung'aa ulikuwa wa huyo, na sura iliyomteremkia sote tunaijua tangu chuoni.

Mtume (S.A.W.) amesema, na imo katika Sahih Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu haangalii miili yenu wala sura zenu, bali anaangalia nyoyo zenu. Sasa mwalimu wa darsa anatazama pale ambapo Mola hatazami, kisha anatoa hukumu kwa niaba yake! Usama bin Zayd aliposhuhudia kwa macho yake mtu akitamka shahada chini ya upanga, akadhani anaogopa tu, akamuua, Mtume alimuuliza: ulimpasua moyo wake ukaujua? Swali hilo linamfaa kila anayesema "kuna dhambi inakuzuia".

Usinielewe kwamba nakataa nuru. Uso wa Mtume (S.A.W.) alipofurahi uling'aa kama kipande cha mwezi, Kaab bin Malik amelisema hilo. Abdullah bin Salam, mwanachuoni wa Kiyahudi wa Madina, alipoutazama uso huo siku za kwanza alijua si uso wa mwongo. Lakini Abu Lahab aliutazama uso uleule miaka na miaka. Kuiona nuru kunahitaji nuru kwa anayetazama, na hilo mwalimu wako hakulihesabu.

Na jirani yako mjibu kwa wema, hakusema uongo. Habari hiyo imo katika kitabu chao cha Kutoka, sura ya 34, kwamba Musa aliposhuka mlimani ngozi ya uso wake iling'aa hata akauweka utaji. Sisi tumefundishwa habari za Ahlul-Kitabi, yaani Wayahudi na Wakristo, ambazo kwetu hazikuthibitishwa wala kukanushwa, tusizisadikishe wala tusizikadhibishe. Ila msome naye mstari wa 29: Musa mwenyewe hakujua kwamba uso wake unang'aa. Waliojua ni waliomwona. Wewe umefanywa utafute kioo.

Katika Qur'ani Musa (A.S.) aliomba amwone Mola wake. Mola alipojidhihirisha kwa mlima, mlima ukawa vumbi, Musa akaanguka amezimia. Alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa kumtakasa Mola na kutubu. Na Mtume wetu alipotoka pango la Hira, wahyi ulipomjia mara ya kwanza, hakuteremka akimeremeta. Aliteremka moyo unamtetemeka, akafika kwa Bi Khadija akisema: nifunikeni, nifunikeni. Bi Aisha anasimulia kwamba wahyi ulimteremkia siku ya baridi kali, na ukimwachia paji lake lilikuwa likichuruzika jasho. Zayd bin Thabit, paja la Mtume likiwa juu ya paja lake wahyi uliposhuka, aliogopa la kwake litavunjika kwa uzito.

Kutetemeka, jasho, uzito. Huko ndiko kukutana kwa walio juu kabisa. Na kwa sisi wa kawaida, sura ya 39, aya ya 23, inasema wanaomwogopa Mola wao ngozi zao husisimka, kisha ngozi zao na nyoyo zao hulainika kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Ona, ngozi imetajwa hasa. Imesisimka, imelainika. Haikusemwa imekuwa nyeupe.

Nikupe mfano niliouona. Nilipokuwa kijana Temeke palikuwa na fundi baiskeli mmoja, mkali, ulimi mchafu, tena alijulikana kwa kubadilisha kifaa chako kizima akakuwekea kibovu. Akaanza kuja alfajiri msikitini, anasali nyuma kabisa karibu na viatu. Hatukuona kitu usoni mwake. Mikono ilikuwa na grisi ileile na meno yaleyale mekundu ya tambuu. Baada ya mwezi hivi nilipeleka baiskeli ya baba. Alipomaliza akanikabidhi na kifuko cha gazeti. Nilipokifungua nyumbani nikakuta nati mbili za zamani na gololi zilizochakaa, vile alivyovitoa, ili baba ajue kilichobadilishwa. Baba alikishika kile kigazeti kwa muda mrefu, akasema, "Huyu mtu amefika." Sijui mpaka leo fundi yule aliona nini katika alfajiri zake.

Kwa hiyo jikague, ndiyo, lakini si kwenye kioo. Tangu Ramadhani, ukali wako kwa watoto umepungua? Mteja akikupa noti ya elfu kumi akidhani ni elfu tano, unamrudishia? Majibu unayajua wewe na Mola wako, usiniandikie mimi wala usiyapeleke darasani.

Umeuliza kama ibada imekataliwa. Hakuna binadamu aliyepewa daftari hilo. Bi Aisha alimuuliza Mtume kuhusu watu wanaotoa ilhali nyoyo zao zina hofu, waliotajwa katika sura ya 23: je, ni wale wanaolewa na kuiba? Akamwambia, la, ni wale wanaofunga na kusali na kutoa sadaka huku wanahofu visikubaliwe. Hofu uliyoniandikia ni ya watu hao. Ibaki ikupeleke kwenye sala, isikutoe.

Turudi kwenye mafuta. Sijayaona, lakini mafuta yanayogeuza rangi ya ngozi ndani ya wiki tatu, na yanayowasha mbele ya moto, sisi watu wa Dar tunayaita kwa jina lake: mkorogo. Vitu vinavyofanya kazi hiyo mara nyingi ni zebaki au haidrokwinoni, na serikali imevipiga marufuku katika vipodozi. Zebaki hupita kwenye ngozi ikaharibu figo, na ngozi iliyochubuliwa haina tena kinga yake dhidi ya jua. Kusomewa mafuta si tatizo, mafuta ya zeituni yamekuja katika hadithi. Lakini kisomo hakigeuzi sumu kuwa dawa, na kumuuzia mtu madhara kwa jina la Qur'ani ni dhambi juu ya dhambi. Kujichubua kwenyewe ni kubadilisha umbile la Mwenyezi Mungu kwa ajili ya urembo, na ni haramu. Wewe ulidanganywa, kwa hiyo tubu na usijitese. Elfu thelathini yako idai, ni haki yako.

Mwalimu wako usigombane naye mbele ya watu. Huenda alisoma bila kujua habari ya Sharik. Mwendee yeye peke yake, au mpe maandishi haya. Akiendelea kuwapima watu kwa nyuso, tafuta darsa nyingine. Zipo.

Na mwili wako una haki juu yako, hayo ni maneno ya Mtume. Mtu anayelala saa tano, akaamka saa tisa, akapanda daladala la kwanza kwenda Feri, akasimama mbele ya karai la mafuta hadi adhuhuri, uso wake utafifia. Hizo ni saa nne za usingizi, siyo dhambi. Siku za uchovu sali rakaa mbili na witri, ulale. Amali anayoipenda Mwenyezi Mungu zaidi ni ile inayodumu, hata ikiwa kidogo.

Mtoto usimwachie hivihivi. Miaka tisa anaelewa. Mkalishe umwambie kwamba mama alikosea, kwamba uso wake haukuwa na kasoro yoyote, na kwamba Mwenyezi Mungu amesema amemuumba mwanadamu katika umbo bora kabisa. Msomee sura ya Tini, mpe maana yake kwa Kiswahili. Kesho ukitoka Feri mpitishe kituo cha afya, mpimwe wote wawili, na hiyo chupa usiitupe kwanza: ibebe, daktari aione.

Wallahu aalam.