Bima ya kuumia kazini: Ohio au Texas?

SWALI: Nina kampuni ya usafi hapa Columbus, Ohio, wafanyakazi 9, nataka kufungua tawi Houston. Jamaa kaniambia Texas bima ya wafanyakazi ni chee na hata si lazima. Nalinganishaje?

JIBU: Kaka, jamaa kakupa nusu ya habari. Ni kweli Texas haimlazimishi mwajiri binafsi kukata hii bima, ila usipokata, mtu wako akiteleza akavunjika mkono anakushtaki, na huko kotini huruhusiwi kujitetea eti alikuwa mzembe, au mwenzie ndo alimponza, au alijua sakafu imelowa. Kwa biashara ya kupiga deki mi nisingethubutu.

Sasa bei. Kote wanapiga hesabu kwa kila dola 100 za mishahara na kila aina ya kazi ina reti yake, tuseme reti ni dola 3 na mishahara yako ya mwaka 180,000, unalipa 5,400. Watu wanapokosea ni kuchukua wastani wa jimbo zima, yaani jimbo la maofisi litaonekana rahisi kuliko la visima vya mafuta wakati wewe kote unashika mopu ileile. Oregon wana ripoti yao ya kila miaka miwili, wanabeba kikapu kilekile cha kazi na kukipigia bei jimbo kwa jimbo, hiyo ndo ya kuangalia, halafu uliza reti ya usafi peke yake.

Ohio huna pa kubembeleza, unanunua bima ya serikali ya jimbo tu, kwa shirika lao liitwalo BWC (Washington, Wyoming na North Dakota nao hivyohivyo). Texas kampuni zinagombania wateja, omba bei kwa tatu hivi.

Ila bei bila kuangalia aliyeumia anapata nini, hujalinganisha kitu. Ohio analipwa asilimia 72 ya mshahara wiki 12 za kwanza, kisha theluthi mbili. Texas wengi wanapata asilimia 70 ya kipato walichopoteza, na mwisho kwa kawaida ni wiki 104. Siku 7 za mwanzo kote hazilipwi mpaka akae nje wiki mbili, kwahiyo mtu wako akiumia Jumatatu akarudi Jumatatu inayofuata hapati hata senti ya mshahara, matibabu tu.

Na usijidanganye kwamba karatasi ya BWC itawafunika watu wa kudumu wa Houston. Hao wakatie ya kwao kabla hawajashika ndoo.