Bibi Nesi anajibu: "Anaongea na nani humo ndani ya neti?"

SWALI: Shikamoo Bibi Nesi. Nina binti wa miaka miwili na miezi minne. Kila usiku nikishamlaza na kuzima taa, anaanza kuongea. Jana nilijibanza nyuma ya pazia nikamsikiliza: "Baba kaenda. Baba kaenda boda. Bibi kaenda boda. Paka kaenda boda." Akacheka mwenyewe. Kisha akaanza: "Kiatu changu. Kikombe changu. Paka changu. Paka wangu." Inafika hata nusu saa. Mama mkwe, tunayeishi naye, anasema mtoto haongei peke yake, yupo anayemjibu, na sasa anafukiza ubani chumbani kila baada ya magharibi. Mume wangu anaona kichekesho, anamrekodi kwa simu. Ajabu ni kwamba mchana wageni wakija, binti huyohuyo anakuwa bubu. Tena anachanganya na Kisambaa cha bibi yake. Nimnyamazishe? Nimpeleke hospitali?
Mama Binti, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya la maana sana kuniandikia maneno yenyewe. Kliniki akina mama walikuwa wananiambia "anabwabwaja tu, nesi", basi, nami nabaki sina pa kushika. Wewe umenipa pa kushika.

Hebu yasome tena hayo uliyoyasikia. Kaenda boda nani? Kwanza baba, halafu bibi, halafu paka. Sentensi ni ileile, anamtoa mtu mmoja anamweka mwingine, na alipofika kwa paka kwenye bodaboda akacheka, maana anajua vizuri kwamba paka hapandi boda. Huo ni mzaha, na mtoto wa umri huo kuutunga mwenyewe gizani ni dalili ya akili inayofanya kazi.

La pili ndilo lililonifurahisha zaidi. Kiatu changu, kikombe changu, hapo yuko sawa. Akaendelea na mwendo huohuo: paka changu. Akasita, akajirudi: paka wangu. Kuna mtu aliyemsahihisha? Hakuna. Amejisikia mwenyewe. Lugha yetu hii ina ngeli zake, na watu wazima wanaojifunza Kiswahili ukubwani wanatoka jasho kwa changu, langu na wangu. Binti yako anayapanga kichwani akiwa amelala chali, kidole puani.

Wataalamu wameyachunguza haya. Mwaka 1962 alitoa kitabu mama mmoja, Ruth Weir, mtaalamu wa lugha wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Alimrekodi mwanawe wa miaka miwili na nusu hivi baada ya kulazwa, mtoto akiwa peke yake chumbani. Alichokisikia kinafanana sana na cha kwako: sentensi moja inageuzwa neno moja moja, mtoto anajiuliza na kujijibu, anarudia matamshi yanayomshinda. Baadaye mwanasaikolojia Katherine Nelson na wenzake wakafuatilia rekodi za mtoto wa kike anayejulikana kwa jina la Emily, tangu akiwa na miezi 21 hadi miaka mitatu. Huyo wa pili nampenda zaidi. Wazazi wake walikuwa wanaongea naye kabla ya kumwacha alale, wanamweleza ya kesho. Wakishatoka, anaanza kuyachambua. Na akiwa peke yake aliongea kwa urefu na kwa mpangilio kuliko alivyoongea na wazazi wake. Katika miezi hiyo alizaliwa mdogo wake wa kiume. Ungedhani ndilo litakalomjaa mdomoni. Wapi! Alichokuwa akikirudia zaidi ni mambo ya kila siku: nani anakuja kumchukua, kesho wanakwenda wapi.

Kwa hiyo usishangae binti yako kushinda kwenye "baba kaenda". Baba anaondoka na boda asubuhi, anarudi jioni, na kwa mtoto wa miaka miwili hilo ndilo jambo kubwa la siku.

Tofauti moja ipo kati ya watoto wale na wetu. Wale walilazwa chumba cha peke yao. Huku kwetu mtoto analala ubavuni mwa mama, au kabanwa kati ya dada na ukuta, na akianza kuongea kuna atakayemjibu au atakayemwambia "lala!" Ndiyo maana wengi hawajawahi kuyasikia haya mpaka mwisho, na akisikika mmoja anayeachiwa nafasi, anaonekana wa ajabu. Hakuna ajabu.

Kuhusu kuwa bubu mbele ya wageni: mgeni anamwinamia mtoto usoni, anamuuliza "unaitwa nani? mbona husemi?" huku nyote mmemtolea macho. Hata mimi ningenyamaza. Gizani hapimwi na mtu. Mwacheni, na acheni kumlazimisha asalimie kwa maneno. Akitoa mkono au akiinamisha kichwa, ameamkia.

Kisambaa kisikutie hofu hata kidogo. Mtoto anayelelewa kwa lugha mbili huzichanganya mwanzoni, kisha huzitenganisha. Unapohesabu maneno anayoyajua, hesabu ya lugha zote mbili pamoja. Na mwambie mama mkwe aendelee kuongea naye Kisambaa chake, asikipunguze kwa ajili ya shule.

Tukimtaja mama mkwe: usigombane naye. Dua akimwombea mjukuu wake, mwitikie amina. Lakini ubani, mwanangu, kwenye chumba kidogo kilichofungwa madirisha, ni moshi, na kifua cha mtoto hakipendi moshi. Mwombe kwa adabu afukizie ukumbini au uani. Halafu siku moja mwite naye nyuma ya hilo pazia asikilize. Bibi akisikia jina lake limepandishwa kwenye boda, atacheka kabla yako.

Kumnyamazisha, hapana. Ila kama nusu saa imekuwa saa nzima na asubuhi anaamka analia usingizi, angalia mchana wake. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto aliyetimiza mwaka mmoja na hajafika mitatu alale saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Akisinzia saa kumi alasiri akaamka magharibi, saa mbili usiku hana usingizi wa kulala nao. Mwamshe mapema. Na simu iondoke machoni pake muda mrefu kabla ya kulala.

Hospitali nitakutuma kwa sababu nyingine, na kwa hayo uliyoniandikia binti yako hana hata moja. Mtoto aliyefika miezi 12 hajatoa hata "ba-ba-ba". Mtoto wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, kama "mama njoo". Mtoto asiyegeuka akiitwa, au ambaye sikio linatoa usaha mara kwa mara, maana asiyesikia vizuri atasemaje? Na umri wowote ule, mtoto aliyekuwa akisema maneno kisha yakapotea. Huyo asisubiri tarehe ya kliniki, apelekwe.

Mumeo arekodi. Akifika miaka kumi mtamsikilizisha. Lakini nani kamwambia kwamba rekodi hiyo ni ya kuwekwa status? Watoto nao wana faragha yao.

SWALI: Bibi, wangu ana miaka mitano. Yeye anaongea akiwa usingizini kabisa, ukimuita hajibu, asubuhi hakumbuki kitu. Ni hilohilo?
Baba wa Morogoro

JIBU: La, hilo ni jingine. Huko ni kuweweseka. Yule wa Tanga yuko macho, anajua anachosema, wako amelala. Kwa watoto ni jambo la kawaida na wengi huliacha wakikua. Usimtikise wala kumhoji. Kama anainuka na kutembea, funga mlango kwa komeo la juu na ondoa jiko na ndoo za maji njiani.

Ila shika mwili wake. Akiweweseka huku anachemka, ukimwamsha hakutambui, au anakakamaa, usingoje kuche na usimpe dawa ya kubahatisha. Huenda ni malaria iliyopanda kichwani, nayo haina subira. Mbebe usiku huohuo kwenye kituo cha afya kilicho karibu.