Maswali ya wasomaji: Komedi za Waingereza nianzie wapi?

Barua za safari hii nyingi zimeuliza kuhusu vichekesho vya Uingereza, nimechagua tano.

Dada, shikamoo. Mimi kijana wa miaka 22, komedi za Kimarekani nimeshaangalia nyingi sana. Rafiki yangu akanambia siwezi kujiita mpenzi wa komedi kama sijaona Monty Python's Flying Circus. Nimeona episodi tatu, sijacheka hata kidogo, na Kiingereza nakielewa vizuri tu. Nakosea wapi?

Marahaba mdogo wangu. Hujakosea, umeingilia mlango wa nyuma tu. Kile kipindi kilianza BBC mwaka 1969 na walichokuwa wanakitania mle ndani ni televisheni yenyewe ya wakati ule, yule mtangazaji kavaa suti kakaa mezani anaongea kwa heshima zote, zile dokumentari za kujifanya zinajua kila kitu, na wakiona kichekesho kinakosa mwisho mzuri wanakikata katikati wanaingia kingine. Sasa wewe hiyo televisheni hujawahi kuiona, utacheka nini? Kiweke pembeni kwanza. Ukitaka kuwaonja hao jamaa wa kundi la Monty Python anza na muvi yao ya 1975, Monty Python and the Holy Grail, ile wapiganaji wanatembea kama wamepanda farasi na nyuma yao mtu anagonga vifuu vya nazi ili zisikike kwato, manake hela ya farasi hawakuwa nayo.

Ila kabla ya yote shika neno moja: aibu. Komedi nyingi za Waingereza zinasimama hapo. Nchi yao ina mambo ya matabaka mpaka leo, mtu akifungua mdomo tu lafudhi imeshamtaja katokea wapi, kwa hiyo mtu wa kuchekwa kwao mara nyingi ni yule anayejikweza, anataka aonekane wa juu kuliko alivyo, na sisi tunakaa tunasubiri aumbuke.

Mfano mzuri kuliko yote kwangu ni Only Fools and Horses, iliyoanza 1981. Del Boy na mdogo wake Rodney wanaishi Peckham, kusini mwa London, wanauza vitu vya magumashi kwa kagari ka njano ka magurudumu matatu. Kuna episodi ya 1989 Del kaamua sasa yeye ni mtu wa mambo ya fedha, kavaa koti refu, kashika brifkesi, yuko baa na rafiki yake Trigger anajaribu kuwavutia wadada. Anataka aegemee kaunta kwa madaha. Mhudumu kapita, kile kipande cha kaunta cha kufungua na kufunga kakiacha wazi, Del haangalii, anaegemea hewa na kwenda chini mzima mzima kama gogo. Watu wengi wanakumbuka anguko, mi nakwambia angalia kinachofuata: anainuka, anajiweka sawa, anajitahidi asionekane mtu aliyetoka kuanguka, anamwambia Trigger amalize kinywaji waondoke. Trigger hakuona kitu, anashangaa tu. Ukiipenda hiyo sekunde ya kuinuka basi umeshawaelewa Waingereza. Na wao wenyewe wanaipenda hiyo familia kupita maelezo, episodi ya Krismasi ya 1996 iliangaliwa na watu milioni 24.3.

Baada ya hapo nenda Fawlty Towers, hasa ile ya wakaguzi wa hoteli, sizoni ya kwanza episodi ya nne. Mwenye hoteli, Basil, kasikia wakaguzi wako mjini, basi anaanza kumnyenyekea mteja mmoja msumbufu akidhani ndiye, kumbe yule ni muuza vijiko. Nakuachia umalizie mwenyewe. Monty Python itakusubiri, na huyo anayecheza Basil, John Cleese, utamkuta humo humo.

Mbona sizoni zao fupi hivi? Nimemaliza The Office ya Uingereza wikiendi moja, halafu yule bosi amenikera mno, wa Kimarekani nilimpenda.

Fupi kwa sababu mara nyingi mwandishi ni mmoja au wawili na kila kitu kinatoka kwenye vichwa vyao. The Office waliandika Ricky Gervais na Stephen Merchant, episodi 12 kati ya 2001 na 2002, wakaongeza ya Krismasi ya sehemu mbili mwaka 2003, basi. Fawlty Towers nayo ni 12 tu, sita za 1975 na sita za 1979, kazi ya Cleese na Connie Booth. Wamarekani wanakalisha timu nzima ya waandishi, ndo maana The Office yao ilifika episodi 201. Mtu utakayekaa naye miaka tisa lazima apendeke, la sivyo utahama.

Huyo bosi wako, David Brent, hakutengenezwa apendwe haraka. Usimwangalie yeye, angalia nyuso za wafanyakazi wake pale anapomaliza utani wake na hakuna anayecheka, ule ukimya, mmoja anaangalia meza, mwingine anaangalia kamera (kipindi kinajifanya dokumentari) kama anaomba msaada. Ukizitazama zote kwa mkupuo unachoka na kukereka kweli, mi nakushauri episodi moja kwa siku. Na kama hukuiona ile ya Krismasi bado hujamaliza, tafadhali rudi, pale ndipo utakapomhurumia na moyo utakuuma.

Mama wa watoto wawili, miaka 6 na 10. Nataka kitu tuangalie wote bila kukimbilia rimoti.

Mr. Bean bila shaka, karibu haongei kabisa kwa hiyo lugha haiwi kikwazo. Lakini kipenzi changu ni The Wrong Trousers ya 1993, nusu saa tu, vikaragosi vya udongo, mzee Wallace na mbwa wake Gromit ambaye hasemi neno ila nyusi zake zinasema kila kitu. Adui yao ni pengwini anayevaa glavu nyekundu kichwani ajifanye kuku! Mwishoni wanakimbizana juu ya treni ya kuchezea na reli inawaishia mbele, mbwa anatandika reli mpya kwa mikono huku treni inakwenda. Ilipata Oscar na ilistahili. Wakitaka ndefu wape Paddington 2, muvi ya yule dubu.

Wazazi wangu walicheka sana na Mind Your Language. Nayo unaipendekeza?

Hapana, si kwa kuanzia. Ilianza 1977, darasa la watu wazima wa mataifa mbalimbali wanajifunza Kiingereza London, na kila mwanafunzi kapewa tabia moja ya taifa lake anairudia mpaka mwisho. Mwalimu ni mzuri, kuna maneno yanayochekesha kweli, siwalaumu wazazi wako hata chembe, ila mgeni siku zote ndiye anayechekwa na inachosha. Waingereza wenye asili ya India walijibu kwa Goodness Gracious Me, ikaingia televisheni 1998. Kuna kipande wanakwenda kundi zima kula mgahawa wa Kiingereza, wanamsumbua mhudumu, wanakosea jina lake makusudi, wanaagiza chakula kisicho na ladha kuliko vyote kwenye menyu. Vile vile hasa Waingereza walivyokuwa wakifanya kwenye migahawa ya Kihindi. Anza na hiyo.

Kaka yako hapa, nafanya kazi ofisi ya serikali, nataka kitu cha watu wazima, kisiwe cha kuanguka anguka.

Kaka, Yes Minister iliandikwa kwa ajili yako. Ilianza 1980. Waziri Jim Hacker anaingia wizarani ana mipango yake, katibu mkuu wake Sir Humphrey anaitikia kila kitu kwa adabu na hakuna kinachofanyika. Sentensi za Humphrey ni ndefu kama treni ya mizigo, makusudi kabisa ili waziri apotee humo ndani, kwa hiyo washa maandishi ya chini na usione haya kurudisha nyuma. Episodi ya kwanza ya sizoni ya pili inahusu hospitali mpya yenye wafanyakazi wa utawala zaidi ya 500 na haina mgonjwa hata mmoja, waziri anakwenda kuitembelea, anaoneshwa wodi safi, mashine mpya, na kila anayemuuliza anamjibu kwa utulivu kwamba kazi ni nyingi mno. Anza na hiyo hiyo, leo jioni.