Kikundi chenu cha ngoma kina historia, anzeni kuichukua kwenye miguu ya wazee

Wadau habari zenu. Kuna dada yuko kwenye kikundi cha ngoma cha mtaani kwao, ameniomba nimwelekeze namna ya kuandika historia ya kikundi manake waanzilishi wamebaki watatu. Nikaanza kumjibu meseji, meseji ikawa ndefu, nikaona bora niweke hapa kila mtu asome.

Mimi mtu wa Tanga, ila sa hivi naishi Marekani, magharibi mwa jimbo la North Carolina, kwenye milima ya Appalachia upande wa Asheville. Nilikuja kufanya kazi ya kuhudumia wazee, na mama mmoja wa kazini akanivuta kwenye kikundi chao cha klogi, ngoma ya huku ya kugonga miguu sakafuni, kila Jumanne jioni kwenye ukumbi wa jamii. Jina hilo maana yake ni mtawanda, kiatu cha mbao, ila msidhani wanavaa mitawanda, ya kuchezea ilikuwa kule Lancashire, Uingereza. Huku ni kiatu cha ngozi kimepigwa vibati vya chuma kwenye soli, kisigino ndo kinashika mdundo, fidla na banjo, ala za nyuzi, zinapigwa na nyinyi mnazijibu kwa sakafu. Ukifumba macho utaapa kuna ngoma inapigwa humo ndani na hakuna ngoma hata moja. Siku ya kwanza nilikumbuka njuga za nyumbani nikatokwa machozi kabisa.

Basi mwaka wa nne wangu pale wakanipa kazi ya kuandaa historia ya kikundi, wakasema wewe mgeni utauliza maswali ambayo sisi tunajiona tunajua majibu. Walikuwa sahihi, na hili ndo la kwanza nakwambia dada yangu, kazi hii mpeni mtu aliyekuja juzijuzi.

Nikaanza vibaya. Niliandaa maswali ishirini na kitu, kikundi kilianza mwaka gani, mwenyekiti alikuwa nani, sare ya kwanza rangi gani, nikamfuata mzee mmoja wa miaka 80 na kitu, kila swali anasema sikumbuki mwanangu. Nimekaa naye saa nzima nimeambulia nusu ukurasa. Naaga niondoke, nikamwambia tu babu nionyeshe ile hatua yako ya kuburuza mguu, akaanza kuicheza hapohapo amekaa kwenye kiti, na mdomo nao ukafunguka. Akasema hii nimeipata kwa mjomba wangu jikoni kwake, walikuwa wanasogeza meza Jumamosi usiku, na ile ya pili ni ya jirani aliyekuwa anafanya kazi kiwanda cha mbao, na hii alikuja nayo mke wangu. Dakika arobaini bila kupumzika! Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa kila mzee ni moja tu, hatua hii umeipata kwa nani. Hatua inabeba jina la mtu, mwaka haubebi. Hata kwenye historia kubwa ya ngoma hii ni hivohivo, ile hatua ya kutembea ya mzee Robert Dotson wa Sugar Grove huku milimani, kikundi cha vijana kinaitwa Green Grass Cloggers waliichukua kwake wakazunguka nayo, na leo ina wachezaji ambao hawajawahi kufika Sugar Grove na bado ukiwauliza wanamtaja yeye.

Simu iweke chini karibu na sakafu, urekodi miguu na sauti, afu rudia mara ya pili umrekodi mzee mwili mzima na uso wake. Mzee asichezee juu ya zulia, miguu haitasikika. Mimi natembea na ubao wa plaiwudi kwenye gari.

Jambo la pili, hadithi tamu. Kila kikundi kinazo na huku kuna moja kila mtu anayo mdomoni. Mwaka 1939 Rais Roosevelt aliwaalika Ikulu Mfalme George wa 6 wa Uingereza na mkewe Malkia Elizabeth, na kati ya waliowachezea ni timu ya Soco Gap ya mzee Sam Queen, watu wa milimani huku kaunti ya Haywood. Hiyo ni kweli tupu. Ila sasa inaendelezwa, kwamba Malkia alipowaona akasema hii mbona kama klogi ya kwetu, na jina likazaliwa hapo. Wenzangu walitaka niiandike kama ilivyo, nikakataa. Nimeandika hivi, wazee wetu wanasimulia kwamba, afu nikaendelea na yanayoshikika. Mfano mwanasheria Bascom Lamar Lunsford, mpiga banjo, mwaka 1928 alianzisha Asheville tamasha la ngoma na muziki wa milimani, na mashindano yake ndo yalichanganya vitu viwili, skwea dansi ambayo jozi nne za wachezaji wanazunguka huku mtu anawaitia hatua, na hatua za miguu ambazo zamani mtu alicheza peke yake. Timu zikaanza kuzunguka huku miguu inagonga. Dada, hadithi tamu usiitupe, iandike kama hadithi, na aliyeisimulia mtaje.

La tatu linanigusa mimi binafsi. Angalia picha za zamani ujiulize nani hayumo. Ukiuliza watu asili ya ngoma hii wanakwambia Ireland na Scotland basi, wakati banjo yenyewe asili yake ni Afrika Magharibi, imeletwa na watu waliotekwa wakafanywa watumwa, na wapiga fidla na waita hatua weusi walikuwepo kwenye dansi za Marekani tangu zamani sana. Soco Gap nayo iko mlangoni kabisa mwa ardhi ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa huku. Kwenye picha zetu za mwanzo ni wazungu watupu. Niliuliza taratibu, kwa heshima, bibi mmoja akanyamaza kidogo afu akaniambia mpiga banjo aliyemfundisha baba yake alikuwa mtu mweusi, ila ukumbini kucheza hakuruhusiwa kuingia. Hakuna aliyewahi kumuuliza! Hiyo sentensi yake sasa iko ukurasa wa kwanza, na hakuna aliyepinga.

Ugomvi je? Utaukuta tu. Kwetu walipasuka, wengine wanataka kila mtu apige hatua zake ilimradi mdundo mmoja, wengine wanataka miguu yote ifanye kitu kimoja kwa pamoja, ule mtindo aliouvumisha James Kesterson wa Hendersonville na timu yake. Halafu wakaja vijana wa chuo, Green Grass hao, walianza mwaka 1971 huko Greenville upande wa tambarare, wakaleta mizunguko mipya na nguo zao za rangi, wazee wengine wakawapenda wengine wakasema hii sio ngoma. Nusu ya kikundi chetu waliondoka wakaanzisha chao na ndugu wawili wa damu hawakusalimiana miaka. Nilichofanya, niliandika kila upande kwa maneno yao, nikawapelekea wasome sehemu yao tu kwanza, wakarekebisha, ndo nikaunganisha. Usiufute ugomvi, watu wanagombania kitu wanachokipenda.

Sasa la picha na karatasi, hapa naomba usome polepole. Kikundi kilikuwa na boksi moja, picha zote, bango la kwanza, daftari la mahudhurio, lipo kwa mtu mmoja mwaminifu sana, kila mkutano tunasema tutaskani tutaskani. Septemba 2024 kikaja kimbunga Helene. Mto French Broad ukapita hata rekodi ya mafuriko ya mwaka 1916. Nyumba ya yule mama iko karibu na kijito, maji yaliingia mpaka dirishani, yeye alitoka salama namshukuru Mungu, boksi tulilikuta limegeuka tope. Alilia akawa anatuomba msamaha, na sisi ndo tuliotakiwa kumwomba msamaha yeye, tumemtwisha kumbukumbu ya watu wote peke yake. Kilichobaki ni zile rekodi za miguu nilizokuwa nimeshamtumia kila mtu kwenye grupu la WhatsApp, hovyohovyo tu bila mpango. Kwa hiyo dada piga picha kila karatasi leo, sio wikiendi, watumie watu watano wanaokaa sehemu tofauti, na mmoja awe mbali kabisa hata Mwanza huko.

Na mtu akikwambia ni ngoma tu ya mtaani ina historia gani, mwambie klogi imeandikwa kuwa ngoma rasmi ya asili ya jimbo la North Carolina tangu mwaka 2005, na kwetu Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba kabla ya siasa, na mwaka 1955 akina mama wengi waliingia TANU kupitia vikundi hivihivi vya ngoma.

Bibi yangu mzaa mama alicheza lelemama Tanga na mimi sina hata dakika moja ya sauti yake. Ila rafiki yake bado yupo hai. Desemba naenda, na mdogo wangu ameshaenda kumuuliza kama zile pembe za kugonga anazo bado. Amesema anazo mbili, ziko juu ya kabati.