Andika kabla mji haujakuandikia

Kwa miaka kumi na mitano nilisimulia kisa cha tarehe 7 Agosti 1998, siku ubalozi wa Marekani jijini Nairobi ulipolipuliwa kwa bomu, namna hii: kishindo kiliposikika, nilimvuta mwajiri wangu chini ya meza ya kukatia vitambaa, tukanusurika. Nimekisimulia kwenye matanga, kwenye matatu, hata mbele ya wakwe. Mwaka 2013, siku chache baada ya wapiganaji wa Al-Shabaab, kundi la Somalia, kushambulia jengo la maduka la Westgate hapo Nairobi, nilikuwa napekua sanduku nikitafuta vyeti nikakuta daftari la vipimo vya wateja. Katikati ya viuno na mabega ya watu nilikuwa nimejaza kurasa mbili, tarehe 11 Agosti 1998. Mwandiko ni wangu. Kisa si kile.

Nilikuwa fundi mwanagenzi wa cherehani, ghorofa ya tatu, upande wa chini wa Tom Mboya Street, jijini Nairobi. Ilikuwa Ijumaa, saa nne na nusu na dakika kadhaa. Tulisikia mlio kama wa baruti. Sote tukainua vichwa. Mwenzangu mmoja aliacha mashine akaenda dirishani, nami nikasimama kumfuata. Mama, ndivyo tulivyomwita mwajiri wetu, akasema bila kuinua macho kwenye mkasi: "Sketi ishirini za shule zinangoja, nyinyi mnakwenda kutazama nini?" Nikakaa. Mlio uliofuata ndio uliovunja kila kioo.

Mlio wa kwanza ulikuwa wa guruneti ambalo mmoja wa washambuliaji alimrushia mlinzi wa ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Lori lenye bomu lenyewe lililipuka baadaye kidogo. Muda huo mfupi uliwatosha watu wa maofisini kufika madirishani, na ndiyo maana wengi waliumia macho. Ufundi House iliporomoka. Nairobi ilipoteza watu 213, zaidi ya 4,000 wakajeruhiwa, na asubuhi hiyo hiyo Dar es Salaam nayo ilipoteza watu 11.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa mwili. Ukisikia kishindo usichokielewa, mpe dirisha mgongo. Ondoka kwenye kioo, ingia ukumbini au nyuma ya ukuta, uchungulie kesho. Najua miguu haitaki, kwa sababu yangu haikutaka. Iliyonirudisha kitini ni karipio la mtu aliyekuwa na oda ya kumaliza.

Ushauri wa pili ndio ulionifanya nikae kuandika haya. Liandike tukio wiki hiyo hiyo, hata kwenye daftari la vipimo, hata mistari mitano. Daftari langu linasema chini ya meza nilikuwa peke yangu. Mama ndiye aliyekuwa amesimama juu ya vioo, akichana kitambaa cha bitana vipande vipande na kumfunga mwenzetu uso. Mimi nilitoka aliponiita mara ya tatu, na nimeandika hivyo hivyo, "mara ya tatu". Ile ya kumvuta chini ya meza nadhani niliisikia kwa mtu mwingine kwenye foleni ya kutoa damu, nikaibeba, ikazeeka nami. Sikuwa nadanganya. Mji mzima ulikuwa ukisimuliana kutwa kucha, na visa vikichanganyika vya kutosha kila mtu huondoka na kipande cha mwenzake, kwa kawaida kile cha ushujaa.

Unapoandika, andika mambo madogo. Mlikuwa mnafanya nini, nani alisema nini, mlirudi nyumbani kwa njia gani. Makubwa yatahifadhiwa na magazeti. Mimi nimeandika kwamba matatu lililotushusha Hospitali ya Kenyatta na majeruhi wetu halikutoza nauli, na kwamba utingo alikuwa akipiga ubavu wa gari kwa kofi kama kawaida yake lakini haiti abiria. Hilo lilikuwa limenitoka kichwani kabisa.

Zama hizi watu huona kwamba simu ndiyo daftari. Sikubaliani nao. Simu siku ya shambulio ina kazi nyingine, na hata hiyo huharibika ikitumiwa vibaya. Mwaka 1998 tulipanga foleni kwenye vibanda vya simu kuwaambia wa nyumbani kwamba tuko hai. Mwaka 2013 mpwa wangu alikuwa amejificha ndani ya Westgate na sisi, kwa mapenzi yetu, tukampigia mfululizo. Bahati nzuri alikuwa ameizima sauti ya simu. Ukijua mtu yuko ndani, mtumie ujumbe mmoja mfupi, kisha subiri. Usitangaze kokote alikojificha, na usisambaze picha za maiti. Hoteli na maofisi ya Riverside, Nairobi, yaliposhambuliwa Januari 2019, Wakenya waliligombeza gazeti la New York Times kwa kuchapisha picha ya miili, na ghadhabu ile ilikuwa ya haki. Ila siku hiyo hiyo picha za namna hiyo zilikuwa kwenye makundi yetu ya WhatsApp, zimetumwa na sisi.

Kuna jambo moja sipendi kulikumbuka, nalo niliandike pia. Wiki ile ya Westgate mama mmoja Msomali alipanda matatu akiwa na mkoba mkubwa. Abiria watatu wakashuka. Mimi nilikuwa wa tatu. Yule mama alitutazama kupitia dirishani, akauweka mkoba magotini, akaufungua kwa makusudi ili waliobaki waone: mboga na mikate. Kama ungekuwa nami ningekuomba ufanye jambo dogo ambalo mimi sikulifanya, yaani umsabahi na usogee akae.

Mwenzangu wa dirishani alipoteza jicho la kushoto. Tumebaki marafiki. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimpigia kila tarehe 7 Agosti, sauti yangu ikiwa ya msibani, hadi aliponiambia, "Ndugu yangu, siku hiyo kila mtu ananipigia. Nipigie Machi." Bustani ya kumbukumbu iliyojengwa pale ubalozi ulipokuwa, yenye ukuta wa majina, hajaingia. Hupita nje tu, kwa kuwa watu wengi hupatana kukutana "pale Bomb Blast" kama ambavyo wangepatana kukutana posta, na yeye anasema jina hilo linamfaa kuliko maua. Mimi hupenda kukaa ndani saa ya chakula, kwenye benchi, kati ya makarani wanaosinzia. Wengine huenda na mshumaa, wengine hawataki kusikia. Usimsukume mtu aliyeumia akumbuke kwa mtindo wako. Muulize mara moja anapenda nini, ukumbuke jibu.

Mama, mwajiri wetu, alifariki kabla sijaliona daftari. Nilimpelekea binti yake zile kurasa mbili, baada ya kumweleza kisa nilichokuwa nikijisifia nacho. Alizisoma akiwa amesimama mlangoni, akafika mahali pa bitana, akacheka. "Bitana ya rangi gani?" akaniuliza. Tukaangalia. Nilikuwa nimeandika: ya samawati, ya sketi za watu, na Jumatatu alinunua nyingine kwa pesa zake.