Nitambebaje mwanangu baada ya kuondolewa titi? Nakujibu kwa niliyopitia

Dada uliyeuliza, pole sana. Umesema wiki ijayo unatolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, pamoja na mitoki (tezi) ya kwapani, na mwanao wa mwaka na nusu bado ananyonya, halali mpaka abebwe. Mimi nilifanyiwa upasuaji huohuo nikiwa na miaka 31, binti yangu hajatimiza miwili. Huu ni mwaka wa nne.

Kumwachisha ziwa anza leo, na umwambie daktari wako kwamba unanyonyesha. Mimi nilisubiri hadi siku mbili za mwisho, nikapaka shubiri. Mtoto alilia mpaka alfajiri, nami nikalia naye. Na kuanzia usiku wa leo baba yake, au bibi, ndiye amlaze, ili ukilazwa wewe asipoteze vyote kwa mkupuo.

Nilirudi nyumbani na mipira miwili imetoka ubavuni, kila mmoja na chupa yake ya kukusanya maji ya kidonda. Hakuna aliyekuwa ameniandaa kwa hilo. Kila asubuhi tulipima na kuandika kwenye daftari. Maji yaliposhuka chini ya mililita 30 kwa siku, wakaitoa. Mtoto akiona mpira huuvuta tu, kwa hiyo mama yangu alishona mfuko wa kanga kuukuu, nikauvaa shingoni, chupa zikakaa humo chini ya nguo. Tafuta pia magauni ya vifungo mbele, maana mkono hautapanda kuvaa dera.

Sasa kubeba. Mimi nilikatazwa kunyanyua kitu kizito kwa wiki 6, na mtoto wa umri huo ana kilo kumi hivi. Wiki ya kwanza binti yangu alisimama mbele yangu, mikono juu: "Mama, beba!" Mama yangu akataka kumwondoa haraka. Nikamwambia, mwache. Nikashuka taratibu mkekani, nikaweka mto kifuani, nikamnyooshea mkono wa upande usiopasuliwa. Alisita, akanitazama, kisha akaja mwenyewe akalaza kichwa pajani. Tangu siku hiyo akitaka kubebwa alikuwa anaburuta mkeka. Mwanao anachotaka ni wewe, dada, na wewe utakuwepo, ila chini.

Usimfiche kovu. Nilimwonyesha, nikamwambia hapa mama alikuwa anaumwa, daktari ametoa. Akapuliza, kama ninavyompulizia yeye akianguka.

Kuhusu mkono wa upande uliopasuliwa, watu watakuambia usiutumie kabisa. Usiwasikilize, mkono usiotumika hukakamaa. Mtaalamu wa mazoezi tiba alinifundisha kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole taratibu kama mdudu anayetambaa. Kila siku nilitia alama kwa penseli, binti yangu akitia yake chini. Muulize wako uanze lini. Wiki ya tatu hivi nilipata kitu kama uzi uliokazwa, kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko. Nilidhani saratani imerudi, sikulala. Kumbe hutokea kwa wengi waliotolewa mitoki, na mazoezi yaliulegeza. Ganzi ya ndani ya mkono, kwangu mpaka leo ipo.

Kukuna nazi, kufua mablanketi na kuchota maji, waachie wengine kwa miezi, hata wifi akinuna. Mkono huo niliambiwa niulinde na kuungua na kukatwa, maana mitoki ikitolewa unaweza kuvimba hata miaka baadaye. Ukivimba, au kidonda kikiwa chekundu na cha moto, au ukipata homa, rudi hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Siku ya kwenda, beba mto mdogo. Wakati wa kurudi utauweka kwapani, chini ya mkanda wa gari, barabara zetu unazijua. Na mkeka uutandike sebuleni kabla hujaondoka, mtoto auzoee.